Mgonjwa wa Mazoezi

Mwanafunzi wa saba alipofika kitandani na kuniambia, "Shikamoo mama," nilikuwa nimechoka kuitikia.

"Marahaba," nikamjibu. "Na hao walio nyuma yako nao marahaba, wote kwa mkupuo mmoja. Haya, pima."

Darasa zima lilicheka isipokuwa binti yangu. Yeye alikuwa amesimama karibu na kabati la bandeji, akinitazama kwa lile jicho lake la kusema, mama, tafadhali usiniaibishe. Yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Baba yake humwita Sista Mdogo, naye hujifanya hapendi. Mwalimu wao wa vitendo alikuwa ametafuta mgonjwa halisi mwenye ugonjwa wa neva akubali kuja kupimwa na wanafunzi, maana mpaka siku hiyo walikuwa wamempima mwanasesere wa plastiki asiye na mkono mmoja. Binti yangu akanyoosha kidole na kunitoa mimi. Mimi mwenyewe niliarifiwa baadaye, mezani, kijiko kikiwa mdomoni.

Nina multiple sclerosis, MS kwa kifupi. Watu wengi nikiwatajia hudhani nataja dawa ya kuulia mende. Basi huwaeleza hivi. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mikate. Kuna mwaka panya walitafuna waya wa mashine ya kukanda unga. Mashine haikufa. Ilikanda, ikasita, ikakanda tena, na siku ambayo fundi alikuja ikafanya kazi vizuri mpaka tukaonekana waongo. Katika MS, panya ni kinga ya mwili wangu mwenyewe. Badala ya kupambana na vijidudu, imegeuka inatafuna ganda linalofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Panapotafunwa, ujumbe haufiki vizuri. Siku moja jicho linaona ukungu, siku nyingine vidole vinakufa ganzi, halafu wiki zinapita unarudi kama hukuwahi kuumwa, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba ulikuwa unakwepa kazi.

Najichoma sindano mwenyewe, chini ya ngozi, mara tatu kwa wiki. Leo tumboni, keshokutwa pajani, sichomi pale pale. Dawa inakaa kwenye friji karibu na maziwa, na mume wangu kila akifungua hulitazama lile boksi kama amekutana na nyoka. Dawa hiyo haiponyi. Haitengenezi waya uliokwisha kuliwa. Kazi yake ni kupunguza mashambulizi mapya, basi.

Na mimi mashambulizi nilikuwa nimepata mawili mwaka huo, nikiwa kwenye sindano hizo hizo. Daktari wangu, kijana mpole anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto, alinieleza bila kuzunguka. Likija jingine la kweli, dawa hii imeshindwa. Nitahamishiwa ya dripu, kali zaidi, inayotolewa hospitali kubwa safari ya mchana kutwa kutoka kwetu, na kazi ya matanuri niisahau. Ningepewa meza ofisini, nipige mihuri. Mimi nina stashahada ya teknolojia ya chakula. Mkate nikiugonga kitako naujua kama ndani umeiva. Nipige mihuri?

Ndiyo maana Jumatatu, mguu wa kulia ulipoanza kuburuta sakafuni, niliamua ni joto.

Haikuwa ujinga. Joto kweli hutusumbua. Neva zilizotafunwa zikipata moto hupeleka ujumbe vibaya zaidi, na ukipoa mambo hurudi. Kwa kawaida nikitoka kwenye matanuri najimwagia maji baridi, nakaa mbele ya feni, na kabla taarifa ya habari haijaisha mguu umerudi. Safari hii niliimaliza taarifa ya habari, nikamaliza na tamthilia, mguu ukakataa. Jumanne vivyo hivyo. Binti yangu aliponiuliza mbona nasuasua nikamwambia joto. Mume wangu akasema, "Pumzika." Huyo ukimwambia paa linavuja atakuambia pumzika.

Jumatano nikaenda chuoni. Ningesema nini? Ahadi ilikuwa imeshatolewa kwa niaba yangu.

Chumba chao cha mazoezi kilinuka spiriti na mpira. Walinilaza kwenye kitanda cha chuma chenye shuka ya plastiki iliyolia kila nilipopumua. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mfupi wa rika langu, viatu vyeupe, sauti ya mtu aliyezoea wodi yenye kelele. Wote walimwita Sista.

"Mmpime kutoka kichwani mpaka vidoleni," aliwaambia. "Mmoja anaanza, mwingine anaendelea. Mimi sisemi kitu mpaka mmalize."

Wakaanza. Pole mama. Samahani mama. Naomba mkono mama. Mama, nitakugusa kidogo. Msichana mmoja niliyemwita Kalamu kimoyomoyo, kwa sababu hakuacha kuandika hata nilipopiga chafya, alinitaka nifuate kidole chake kwa macho. Kidole chenyewe kilitetemeka kuliko macho yangu.

"Mama, umewahi kuona ukungu?"

"Jicho la kushoto, mwaka juzi. Lilirudi."

"Pole sana mama."

"Nimeshapoa. Endelea."

Wakanipima presha. Wakanipima joto la mwili, Kalamu akatangaza kwamba limepanda kidogo lakini si homa, akaandika. Wakasikiliza kifua. Mmoja akaniuliza kama ninahisi huzuni, nikamwambia nahisi shuka. Kisha akaja kijana mrefu sana, aliyelazimika kukunja mgongo kufikia kitanda, akarukia magotini. Akanigusa miguu kwa pamba, halafu kwa kijiti cha meno.

"Mama, ikichoma sema inachoma."

"Inachoma. Inachoma. Hapo unanikuna tu."

"Sasa sukuma kiganja changu kwa unyayo. Kwa nguvu zote."

Kushoto nilimsukuma mpaka akarudi hatua. Kulia nikasukuma, na kiganja chake hakikutikisika. Nikasukuma tena, nimeuma meno. Kijana akanitazama, akamtazama Sista.

"Mguu wa kulia una udhaifu," akasema kwa sauti ndogo.

"Tangu lini?" Kalamu akauliza.

Ningeweza kudanganya. Lakini huwezi kumdanganya mtu aliyeshika unyayo wako.

"Jumatatu."

"Mama!" Binti yangu alitoka kando ya kabati. "Si uliniambia ni joto?"

"Nilikuambia ni joto kwa sababu ni joto."

"Joto la siku tatu? Leo asubuhi kulikuwa na baridi, umevaa sweta!"

"Usinipandishie sauti mbele za watu."

Sista aliinua mkono, tukanyamaza wote wawili. "Haya, timu," akasema. "Mgonjwa wenu ana MS, ana udhaifu mpya, umezidi saa ishirini na nne. Mnasemaje?"

Kalamu hakuhitaji hata kufungua daftari. "Ni shambulio jipya, Sista. Mgonjwa apewe steroidi kwa dripu, dozi kubwa, siku tatu hadi tano, kupunguza uvimbe kwenye neva. Na daktari aangalie upya dawa yake ya kudumu, kwa sababu inaonekana imeshindwa."

Aliyasema vizuri, kwa mpangilio, na kila neno lilinishukia kama gunia la unga. Imeshindwa. Nikayaona matanuri yangu yamekabidhiwa yule bwege wa zamu ya usiku anayetoa mikate ikiwa bado na rangi ya karatasi. Nikakaa. Shuka ikapiga kelele.

"Nimemaliza hapa?" nikauliza.

"Bado mama," Sista akasema, kisha akawageukia. "Kabla hamjamwaga steroidi kwenye mshipa wa mtu, kuna jambo hamkuliuliza. Lipi?"

Mmoja akasema usingizi. Mwingine akasema chakula. Kijana mrefu akasema msongo wa mawazo, kwa sababu hilo halikosei kamwe.

"Mmetoka kichwani," Sista akasema, "mkaja shingoni, mkafika kifuani, halafu huyu twiga wenu akaruka mpaka magotini. Katikati hapo kuna nini? Uwanja wa ndege?"

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Wakaanza kutazama viatu vyao.

"Haja, Sista," mmoja akanong'ona.

"Haja. Mbona hamkuuliza?"

Mwishowe kijana mrefu akajikaza. "Ni mama yake mwenzetu, Sista. Ni kama mama yetu. Unaanzaje?"

"Jana mlimuuliza yule mwanasesere?"

"Ndiyo, Sista."

"Mkamuuliza vizuri sana, mpaka rangi ya mkojo. Leo mmekuta mtu mzima mwenye kibofu cha kweli, mnamwamkia. Shikamoo nimezihesabu, zimejaa ndoo. Mtamheshimu mpaka kaburini."

Nilimpenda mwanamke yule kwa muda mfupi sana, maana palepale akaongeza, "Nani anauliza?"

Nikamwona binti yangu anakuja. Alivuta kigoda, akakaa, magoti yake yakagusana na kitanda. Mtoto niliyemfunga nepi mimi.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Mama, unakwenda haja ndogo mara ngapi kwa siku?"

"Mara za kutosha."

"Za kutosha ni ngapi?"

"Wewe unakwenda ngapi?"

"Mimi sina MS. Mama, leo tangu umeamka umekwenda mara ngapi?"

Nikatazama ukutani. Palikuwa na picha ya utumbo. "Nyingi. Kidogokidogo."

"Ukienda inaisha au unabaki na hisia kwamba haijaisha?"

"Haya ni maongezi ya kuongea hapa?"

"Ulitaka tuongelee wapi? Nyumbani ukaniambia joto." Aliona aibu, lakini sauti yake haikushuka. "Inachoma?"

Sijawahi kukasirika hivyo nikiwa kitandani. Watoto wa watu kumi na wangapi wamenizunguka na kalamu, na huyu wangu ananitazama usoni kama karani wa benki. Na kilichonikera zaidi ni kwamba swali lilikuwa na jibu.

"Inachoma," nikasema. "Tangu wiki iliyopita. Nikadhani ni sabuni mpya."

"Maji unakunywa?"

"Usiku."

"Mchana je?"

Basi nikawaeleza, maana nilikwisha vuka mto. Ugonjwa huu hukaa pia kwenye neva za kibofu. Haja haikubishii hodi, inavunja mlango. Kiwandani choo chetu kiko ng'ambo ya uwanja wa kupakulia unga, na ukiwa kwenye zamu lazima uvue koti jeupe, uvuke, urudi, unawe, uvae upya. Mara mbili niliponea chupuchupu. Kwa hiyo nikapanga mambo yangu: kuanzia asubuhi sinywi kitu mpaka zamu iishe. Hakuna kinachoingia, hakuna kinachotoka. Niliuona mpango mzuri. Niliufuata miezi miwili na sikuaibika hata siku moja.

"Mbele ya matanuri," binti yangu akasema polepole. "Mama, unakaa mbele ya matanuri mchana kutwa bila kunywa maji?"

"Nina kazi ya kufanya."

Sista alisogea. "Sasa andikeni," akawaambia, na Kalamu akakaribia kutoboa karatasi. "Kibofu cha mgonjwa wa MS mara nyingi hakimalizi mkojo. Mkojo ukibaki, na maji yakiwa haba, vijidudu vinazaliana. Maambukizi yakiingia, hata bila homa kubwa, makovu ya zamani kwenye neva yanaanza kupiga kelele upya. Mguu uliowahi kulegea unalegea tena. Kwa macho linafanana kabisa na shambulio. Ukimpa steroidi wakati huo unampunguzia kinga na vijidudu vinafanya harusi. Kwa hiyo kabla ya kusema dawa imeshindwa, tunapima nini?"

"Mkojo," wakajibu kwa pamoja, kwa furaha kama watoto wa chekechea.

Nikapewa kikopo. Niliingia chooni nikichechemea, nikatoka, na kikopo changu kikazungukwa kama keki. Kijana mrefu alichovya kijiti cha kupimia, wakahesabu sekunde, viraka viwili vya kijiti vikageuka rangi. Walifurahi. Sista akawauliza wanafurahia nini, mgonjwa ana maambukizi.

"Kwa hiyo si shambulio?" nikamuuliza. Nilijisikia namuuliza kama mtu anayeomba.

Hakunipaka mafuta. "Sijui bado. Inawezekana vyote viwili vipo. Tunatibu maambukizi, tunasubiri. Mguu ukirudi maambukizi yanapoisha, halikuwa shambulio. Usiporudi, daktari wako ataamua."

Nikapelekwa zahanati ya chuo, wakachukua mkojo mwingine wa kupeleka maabara, nikapewa antibayotiki. Ijumaa daktari wangu akasema hayo hayo kwa sauti yake ya kutoamsha mtoto: tusubiri hadi wiki ijayo, steroidi hapana kwa sasa, sindano zako endelea nazo.

Kusubiri mimi sikujaliwa. Ukinipa unga nitakupa mkate, lakini usiniambie nikae nitazame mguu. Binti yangu alihamia chumbani kwetu na jagi. Kila nikigeuka, glasi. Baba yake akawa anamsaidia. Alikuwa amepata kazi mbadala ya kusema pumzika, sasa anasema kunywa.

"Nitaota magugu maji," nikawaambia.

"Kunywa mama."

"Na usiku nikilowesha kitanda?"

"Nitafua."

"Umeanza lini kufua? Nguo zako mwenyewe hufui."

"Kunywa mama."

Tuligombana Ijumaa, tukagombana Jumamosi. Jumamosi hiyo, mchana, nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma na kitabu chake kimefungwa mapajani. Nilidhani amelala. Alikuwa analia, kimya kimya, kama mtu anayeona aibu.

"Nini tena?"

"Nimekaa na wewe nyumba moja," akasema. "Nimesoma sura nzima ya kibofu. Nilipata alama za juu. Sikuwahi kukuuliza."

"Ungeniuliza ningekufukuza."

"Najua."

"Basi unalilia nini?"

"Mguu usiporudi?"

Nikakaa pembeni yake, nikanywa ile glasi aliyokuwa ameiweka pale, yote, bila kuambiwa. Ndilo jambo la upole kabisa nililoweza kufanya siku hiyo.

Kuchoma kuliisha kwanza. Halafu Jumapili jioni nilikuwa natoka bafuni, nawaza mengine kabisa, nikapita karibu na mume wangu aliyekuwa anatengeneza pasi. Akainua kichwa.

"Sikukusikia unakuja," akasema.

Tukatazamana. Siku zote hizo nyumba nzima ilikuwa inanisikia nikiburuta tangu mwisho wa ukumbi. Nikarudi bafuni, nikaja tena. Nikasimama kwa mguu wa kulia peke yake, nimeshika ukuta, kisha nikauachia. Nikamwita Sista Mdogo. Akanilaza, akashika unyayo, akasema sukuma. Nilimsukuma akakalia pasi. Kwa bahati ilikuwa ya baridi.

Jumanne daktari alinitembeza kwenye mstari wa vigae, kisigino mbele ya kidole, akanigonga magoti, akanikwaruza nyayo. Maabara ilikuwa imethibitisha vijidudu. Akaandika, akaandika, na mimi nikikaribia kumpokonya kalamu.

"Halikuwa shambulio," akasema. "Tunabaki na dawa ile ile. Lakini hiyo mipango yako ya kutokunywa maji ife leo. Kibofu kikikaa na mkojo tena, tutarudi hapa hapa, na mara nyingine mguu unaweza usiwe na subira hiyo. Unywe maji, uende chooni kwa saa, usisubiri kubanwa. Kazini watakuruhusu?"

"Nitawaambia," nikasema.

Ilikuwa rahisi kusema mbele yake.

Meneja wetu ni mwanamume mwenye adabu, wa umri wa kaka yangu mkubwa, na huniita dada. Nilimkuta mezani kwake asubuhi ya Jumatano. Akafurahi kuniona natembea. Akasema karibu dada, nikakaa, nikafungua mdomo. Aibu ikanishika, mimi niliyefurahi Sista alipowagombeza watoto wale! Nilianza na hali ya hewa. Nikapita kwenye bei ya hamira. Meneja akaanza kuangalia saa.

"Dada, kuna tatizo?"

"Nahitaji kutoka kwenye matanuri mara kwa mara," nikasema. "Kwa saa. Dakika chache."

"Kupumzika? Hamna shida, ugonjwa wako tunaujua, tutakuwekea kiti pale..."

"Si kupumzika."

"Kupata hewa?"

"Si hewa."

Akanisubiri, uso wote wema. Nikaona hapa nikizunguka tena nitapewa kiti, feni na pole, na mwezi ujao nitaburuta mguu.

"Kukojoa, bosi," nikasema. "Nina ugonjwa wa neva, unagusa na kibofu. Nisipokunywa maji na kukojoa kwa wakati, mguu unakufa. Kila baada ya saa mbili nakwenda kukojoa, na ule uwanja wa kupakulia ni mbali. Nataka choo cha wageni, hiki cha hapa karibu, nipewe ufunguo."

Meneja alitazama dari. Akatazama kalenda. Alipanga penseli zake tatu zikalingana vichwa.

"Cha wageni..." akasema. "Kile huwa tunakifunga kwa ajili ya wakaguzi."

"Wakaguzi wanakuja mara mbili kwa mwaka. Mimi niko hapa kila siku."

Akavuta droo, akatafuta, akanisukumia ufunguo mezani bila kuniangalia. Nikaushukuru mkono wake, maana uso sikuupata. Nikanyanyuka kwa miguu yote miwili na, kwa kuwa maji ya binti yangu yalikuwa yamefika, nikaenda moja kwa moja.